Waliniambia "aksanti" kabla sijamaliza: nijiandae vipi kwa usaili mwingine wa mchezo wa jukwaani?

Jambo sana, Yaya,

Nakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nina miaka 23, nilisoma ushonaji na ninashona kwenye baraza la nyumba ya yaya yangu mwanaume, yaani kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki. Tangu utoto ninacheza michezo ya Noeli na ya Pasaka parokiani, na watu wananiambia nina kipaji. Sitafuti kuwa nyota. Napenda tu pale watu wote ukumbini wanaponyamaza, na unajua kwamba wanangoja utasema nini.

Mwaka jana nilienda kwenye kastingi ya kikundi kimoja cha mjini. Nilikuwa nimekariri maneno ya mama anayemlilia mwanawe aliyekufa katika shimo la wachimbaji. Niliyapata kwenye video ya simu, na nikayafanya kama yule mwigizaji alivyoyafanya: alipoanguka nikaanguka, alipojipiga kifua nikajipiga. Nililia machozi ya kweli. Katikati mwongozaji akanisimamisha, akasema: "Rudia tangu mwanzo, lakini sasa usilie. Mkaripie huyo mtoto." Nilidhani wananicheka. Nikarudia vilevile, tena kwa nguvu zaidi, ili waone kwamba uchungu ninao kweli. Kabla sijafika mwisho, mmoja wao akasema "Aksanti, anayefuata." Nilirudi nyumbani kwa miguu na kwa muda mrefu sikutaka hata kusikia habari za tamthilia.

Sasa kikundi kingine kinatafuta waigizaji wa mchezo kuhusu mama na binti zake wa mtaa wa Kamalondo wanaogombania nyumba ya marehemu baba. Zimebaki wiki tatu. Tangazo linasema kila mtu alete kipande cha kusema peke yake kwa Kiswahili, kisichozidi dakika mbili. Kisha atasoma ukurasa atakaopewa palepale. Kisha atacheza na mwenzake bila maandishi yoyote. Hilo la mwisho linanitisha kuliko yote.

Sauti yangu inatetemeka nikisimama mbele ya watu nisiowajua, na magoti pia. Halafu Kiswahili changu ni hiki chetu cha mtaani. Wengine watakuja na kile cha vitabuni, au watachanganya Kifaransa kizuri ambacho mimi sina. Yaya yangu anasema mambo ya jukwaa ni ya watu wasio na kazi, na kwamba msichana akiingia huko hatoki salama.

Nisisahau kukuambia: mtu mmoja wa kikundi hicho alipata nambari yangu. Ameniambia nipite kwake jioni anifundishe kile wanachotaka, na nilete dola 30 za dosiye (faili), ndipo jina langu litawekwa vizuri. Je, nimpe? Nifanye nini ili safari hii wanisikilize hadi mwisho?

Dada wa Katuba

*

Mdogo wangu wa Katuba,

Naanza na lile uliloliweka mwishoni kana kwamba ni jambo dogo, maana lenyewe haliwezi kungoja wiki tatu. Usiende kwa mtu huyo jioni, na usimpe hata franka moja. Usaili wa mchezo wa kuigiza haulipiwi. Viko vikundi ambavyo, mtu akishapokelewa, vinamwomba mchango wa kila mwezi kama wanachama wengine wote. Unatolewa mbele ya watu na unaandikwa kwenye daftari. Hiyo ni habari nyingine. Lakini dola 30 anazopewa mtu mmoja, nyumbani kwake, usiku, kabla hujasimama mbele ya yeyote? Huyo hatafuti mwigizaji. Mwandikie kwa heshima kwamba utafanya mazoezi mchana, mahali pa kikundi, pamoja na wengine. Ujumbe wake usiufute. Kisha piga nambari iliyo kwenye tangazo uulize wazi kama kuna ada yoyote na kama kuna mafunzo ya kabla. Ukisikia kiongozi wao naye anautetea mpango huo, acha kikundi hicho kabisa, hata kama mchezo wenyewe ni mzuri. Na siku ya usaili nenda na mtu, shangazi au rafiki wa kwaya, akae nje akungoje. Nimekaa nyuma ya ile meza ya usaili miaka mingi, na nikiona msichana amesindikizwa moyo wangu unatulia. Mwongozaji anayechukizwa na hilo amekwisha kukuambia yeye ni nani.

Sasa tuje kwenye ile "aksanti" iliyokuumiza.

Ulipoambiwa urudie bila kulia, watu wale walikuwa wamekupenda. Mwongozaji siku ile ana watu wamejaa mlangoni na jua linakaribia kuzama. Asiyemtaka anamwacha amalize, anamshukuru, anaita mwingine. Akitumia muda wake kukuomba ufanye kwa namna nyingine, basi kuna kitu amekiona, na anataka kujua jambo moja zaidi: tukianza mazoezi, huyu anaweza kubadilika? Maana mazoezi ni hayo tu, tangu siku ya kwanza hadi mkesha wa onyesho. Jaribu hivi. Sasa jaribu vile. Jana ilikuwa nzuri, lakini leo mwenzako amehamia upande wa pili, kwa hiyo na wewe hama. Mwigizaji mwenye namna moja peke yake, hata ikiwa nzuri mno, anawafunga miguu wote wanaocheza naye. Wewe ukawarudishia kitu kilekile kwa sauti kubwa zaidi, wakadhani kwamba hukusikia au kwamba huwezi. Mimi naamini unaweza. Hakuna aliyekuwa amekuambia kwamba ombi lile hutolewa, na kwamba ni dalili njema.

Tena ufikirie lile aliloliomba. Mama amesimama mbele ya maiti ya mwanawe na anamkaripia: nilikukataza kushuka katika shimo lile, hukunisikia, na sasa inuka, bukari (ugali) yako inapoa. Mama huyu hana chozi hata moja, na sisi tuliokaa kwenye viti ndio tunaoanza kutafuta leso. Mwigizaji akilia kwa niaba ya watu wote, watu hawabakiwi na la kufanya ila kumtazama akilia. Akipambana na kilio, akijaribu kufanya kitu kingine kabisa, hapo tunamsaidia kwa machozi yetu. Mwongozaji yule alikupa zawadi kubwa. Bado ni yako, iweke.

Kwa hiyo safari hii ukiombwa kubadilisha, sema "ndiyo", vuta pumzi, na kama hukuelewa uliza swali moja fupi: "Ninamkaripia kwa hasira au kwa woga?" Swali la namna hiyo linaonyesha kwamba umekwisha kuanza kazi. Kisha badilisha hadi ionekane. Kuzidisha kunasameheka. Kubadilisha kidogo sana, kiasi kwamba hakuna aliyeona tofauti, kunakurudisha kwenye "aksanti" ya mwaka jana.

Nataka ushike hili kuliko mengine yote nitakayosema: ingia ukiwa na haja na mtu, si na hisia za kuonyesha. Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyeishi kati ya 1863 na 1938 na ambaye shule nyingi za uigizaji duniani bado zinamfuata, alitumia miaka mingi kutafuta jinsi mwigizaji anavyoweza kuhisi kweli kila usiku. Katika miaka yake ya mwisho alizidi kuwaelekeza wanafunzi wake kwenye matendo: mhusika anataka nini, na anafanya nini ili akipate? Hisia haziamrishwi. Tendo unaweza kuliamua, nazo hisia hulifuata kwa wakati wao.

Fanya hivi. Chukua kipande chako na kalamu. Pembeni ya kila sentensi andika unamfanya nini yule unayesema naye: namwomba, namtisha, nambembeleza, namwaibisha, namdanganya, namkumbusha. Ukijikuta umeandika "nahuzunika" au "nakasirika", futa, kwa sababu maneno hayo hayamgusi mtu. Yanabaki kifuani mwako. Andika "namtia hatiani" au "namfukuza" uone jinsi sauti yenyewe inavyobadilika bila wewe kuilazimisha. Ukimaliza, tazama orodha yako. Kama kuanzia juu hadi chini ni "namlaumu, namlaumu, namlaumu", kipande kimelala. Tafuta mahali anapogeuka, anapoona kwamba lawama hazifanyi kazi akajaribu upole, au uongo. Pale anapogeuka ndipo watu wa mezani huinua macho kutoka kwenye karatasi zao.

Ukitaka kuona jambo hili likifanywa na mabingwa, nenda soko la mtaa wetu wa Kenya, hapa Lubumbashi, asubuhi ukasikilize mwanamke anayedai deni lake la unga. Anaanza na salamu za watoto. Anaenda kwenye ugonjwa wa mume. Anacheka. Halafu ghafla sauti inashuka, na mdaiwa anatafuta mkoba wake. Hakuna aliyemfundisha, naye hajali kabisa kama anaonekana ana uchungu. Anataka pesa zake.

Kuhusu kipande chenyewe: ile video iache. Wenye meza huenda wameiona, na hata kama hawajaiona, mwili unaoiga mwili wa mwingine unajulikana haraka sana, kwa sababu unaanguka kabla sababu ya kuanguka haijafika. Chagua mtu wa umri wako au karibu, anayesema na mtu mmoja, akitaka kitu kinachoeleweka. Na kwa kuwa mchezo wao ni ugomvi wa nyumba na urithi, hutakosea ukichagua mambo ya kifamilia. Watakuona tayari ukiwa ndani ya ulimwengu wao. Soma tamthilia yote, siyo ule ukurasa peke yake. Mara nyingi wanauliza, "Kabla ya maneno haya kilitokea nini?" na asiyejua anajulikana papo hapo.

Vitabu vya tamthilia kwa Kiswahili si rahisi kupata hapa kwetu, lakini vipo, uliza kwa walimu na kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Penina Muhando wa Tanzania amekuwa akiwaandikia wanawake wahusika wenye nguvu tangu miaka ya 1970, kwa Kiswahili kinachosemeka. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare, na katika Mabepari wa Venisi, iliyotoka 1969, kuna maneno ya Portia anayemtaka mkopeshaji Shylock awe na huruma: mwanamke mmoja, mtu mmoja mbele yake, haja moja iliyo wazi. Kiswahili chake ni kizito, kwa hiyo kwanza yajaribu kwa jirani. Akielewa bila wewe kumfafanulia, yachukue. Asipoelewa, yaache bila kusikitika. Kuna njia nyingine ambayo waigizaji wengi hutumia: tafuta mahali watu wawili wanapogombana katika tamthilia, uondoe maneno ya mmoja, uunganishe ya mwingine. Ukimsikia yule asiyekuwepo akikujibu kichwani, kipande kitasimama. Kitu ulichokiandika mwenyewe kinaweza kupita ikiwa tangazo halikukataza, ila mimi ningekiweka akiba, kwa kuwa watu wa mezani wanaanza kuyapima maandishi yako na kumsahau mchezaji.

Dakika mbili zihesabu kwa saa ya simu, na lenga dakika moja na sekunde arobaini. Ile nafasi inayobaki ni ya kunyamaza. Usiogope kunyamaza.

Sauti na magoti. Kutetemeka hakuondoki kwa kukatazwa. Mwenye hofu anapumua juu juu, kifuani, na pumzi hiyo haitoshi kubeba sentensi hadi mwisho. Ndipo sauti inapoanza kucheza. Kila asubuhi kabla ya kushona, lala chali sakafuni, weka mkono juu ya tumbo, vuta pumzi hadi mkono uinuke, kisha itoe polepole kwa "sss" ndefu, ndefu kuliko ulivyoivuta. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu, mapigo ya moyo yanashuka. Siku yenyewe fanya hivyo ukiwa umesimama, na magoti uyalegeze kidogo. Yakikazwa ndiyo hutetemeka zaidi.

Halafu kuna mwisho wa maneno. Kiswahili kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho, na mtu mwenye hofu anaimeza ile ya mwisho. Sasa kati ya "twende" na "twenda", au "mwache" na "mwacha", tofauti yote iko kwenye irabu hiyo iliyomezwa. Mwombe rafiki asimame upande wa pili wa uwanja wa parokia, umwambie kipande chako bila kupiga kelele, naye ainue mkono kila anapopoteza mwisho wa neno. Utashangaa mkono utakavyoinuka. Hapa Lubumbashi jambo hili lina uzito wake. Mji huu ulijengewa ukumbi wa tamthilia katika miaka ya 1950, ule unaoitwa leo Bâtiment du 30 Juin, ukaishia kuwa makao ya bunge la mkoa, jambo ambalo bado linanisikitisha kila ninapopita mbele yake. Kwa hiyo vikundi vyetu vinacheza kwenye kumbi za parokia na za shule, na vikibahatika kwenye Halle de l'Étoile. Mara nyingi hakuna kipaza sauti, juu ni mabati, nje kuna jenereta kwa sababu umeme umekatika. Mwongozaji anayekusikiliza anajiuliza kama mama aliyekaa kiti cha mwisho, aliyelipa tiketi yake, atakusikia. Nenda ukaone onyesho lolote kabla ya usaili, kaa nyuma kabisa, usikilize nani anakufikia na nani hakufikii.

Ukurasa wa palepale ni rahisi kuliko unavyofikiri, kwa sababu hakuna anayengoja uufanye vizuri kama uliokaririwa. Omba dakika ya kuutazama, hakuna atakayekunyima. Katika dakika hiyo usijaribu kukariri. Tafuta nani anasema na nani, na nani anataka nini. Shika karatasi kwa mkono mmoja usawa wa kifua, kidole gumba kikishuka mstari kwa mstari, na kila ufikapo mwisho wa sentensi mtazame mwenzako anayesoma nawe. Kisha, anaposema yeye, msikilize! Karibu kila mtu, mwenzake akisoma, anakimbilia kuutazama mstari wake ujao. Anayesikiliza kweli anaonekana kutoka mwisho wa chumba. Ukikosea neno, endelea.

Ule mchezo usio na maandishi unaokutisha ndio mimi ningekuwekea matumaini makubwa kuliko yote. Wewe ni mtoto wa mji huu. Kundi la tamthilia la Mufwankolo, ambalo wazazi wetu walilisikiliza redioni na kulitazama kwenye televisheni, lilifanya kazi hivyo hivyo. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilifuata hapa Lubumbashi likitengeneza mchezo tangu wazo la kwanza hadi onyesho, na kitabu chake kilitoka 1990. Hawakuwa na maneno ya kukariri. Walibishana kuhusu kisa, wakakubaliana nani anaingia lini na jambo gani lazima lifike, kisha kila mmoja akayatafuta maneno yake mwenyewe, katika Kiswahili hiki hiki unachokionea haya.

Hapo basi swali lako la lugha nalo nimekwisha kuligusa. Maneno yaliyochapwa yaseme kama yalivyochapwa, bila kubadili, kwa heshima ya aliyeyaandika. Lafudhi yako iache ilivyo. Lakini katika ule mchezo wa bila maandishi, sema kama Katuba inavyosema. Familia inayogombania nyumba Kamalondo haitagombana kwa lugha ya vitabuni. Atakayejaribu kuwafanya waseme hivyo ndiye atakayesikika mgeni. Kuhusu Kifaransa, tangazo limesema Kiswahili, na walioandika tangazo walijua wanachotaka.

Pamoja na mwenzako katika mchezo huo, kubali anachokuletea. Akiingia akisema "Mama mdogo, umeuza lini kile kiti cha baba?", wewe umekwisha kuwa mama mdogo na kiti kimekwisha kuuzwa. Usikatae, usicheke, usitafute mzaha wa kuwafurahisha wa mezani. Jibu, kisha ongeza jambo lako. Na umwachie nafasi. Nimewahi kumchagua mtu aliyesema sentensi mbili tu katika zoezi zima, kwa sababu alimfanya mwenzake aonekane bora kuliko alivyokuwa, na huyo ndiye unayemtaka ukiwa na wiki nyingi za kazi mbele yako.

Siku yenyewe: fika mapema, maana taksi-basi za asubuhi unazijua. Vaa nguo unayoweza kukaa chini nayo na kuinama nayo. Kama mhusika wako angefunga kikwembe, kifunge, lakini uwe umefanya nacho mazoezi. Viatu virefu acha. Msalimu kila mtu, hata yule anayeandika majina mlangoni; mara nyingi jioni huulizwa, "Yule alikuwaje huko nje?" Ukiingia sema jina lako na la kipande, hivyo tu. Usiseme una mafua, usiseme hukupata muda wa kujiandaa. Yule unayezungumza naye mweke juu kidogo ya vichwa vya waliokaa mezani. Usimweke sakafuni, tutaona nywele zako tu. Wao wenyewe usiwatazame machoni, kwa kuwa wanaandika, na ukiona mtu anaandika katikati ya haja yako utapotea. Maneno yakikukimbia nyamaza, kumbuka unachotaka kwa yule mtu, endelea kutoka hapo. Kwa kawaida wao hata hawajui kama umeruka sentensi. Ukimaliza baki ulivyo kwa pumzi moja. Kisha shukuru, utoke. Wakikusimamisha kabla ya mwisho safari hii, usilichukue kama hukumu; wengine husimamisha kila mtu kwa sababu wamekwisha kuona walichohitaji.

Na wanaweza kukukosa hata ukifanya yote haya vizuri. Katika mchezo wa mama na binti zake wanatafuta familia: wakimpata mama mfupi mweupe, na binti wa kwanza akafanana naye, urefu wako peke yake unaweza kuamua. Ukikosa, subiri siku chache umwandikie mwongozaji ujumbe mfupi wa shukrani, uulize kuna jambo gani moja la kulifanyia kazi. Wengi hujibu.

Kwa yaya yako, usiende kumbishia. Hofu yake ina sababu, na barua yako yenyewe imenionyesha mfano. Mwambie kuhusu yule mtu wa dola 30 na jinsi ulivyomkatalia. Ataona kwamba unajua kujilinda. Mwonyeshe saa na mahali pa mazoezi kabla hajauliza, na umhakikishie jinsi kazi za wateja wako zitakavyomalizika. Kabla ya kusaini au kukubali chochote, kikundi kikuambie mazoezi ni siku zipi, yanaisha saa ngapi, nani analipa usafiri wa usiku, na kama kuna malipo, ni kiasi gani na lini. Kama kuna siku huwezi, iseme mapema, siku ile ile ya usaili. Mkaribishe yaya yako aje kukuchukua jioni ya kwanza, aingie hadi ndani, awasalimie. Wengi wanaosema mambo ya jukwaa ni ya wasio na kazi hawajawahi kuona watu wakirudia ukurasa mmoja saa tatu mfululizo.

Ukishapata kipande, kiandike kwa mkono pamoja na yale maneno ya pembeni, namwomba, namtisha, ukipige picha unitumie kabla ya wiki hii kwisha. Nitakisoma na kukujibu, tuone anageukia wapi.

Yaya wako